Abiria wa Sita: Kwa Anayetaka Kutengeneza Gemu ya Mkononi

Abiria wa sita alikataa kuonekana. Watano walikuwa wamejipanga vizuri tu kwenye kituo cha gemu yangu ya daladala. Wa sita, mama wa kilemba aliyeshika kapu, nilimchora kwa mapenzi yote, nukta kwa nukta. Kwenye dirisha la kuhariri yupo. Nikiwasha gemu, hayupo. Nikimshusha chini ya mstari wa wenzake anarudi, nikimpandisha anayeyuka. Jumamosi nzima iliisha nikiilaumu programu.

Programu haikuwa na kosa. Nilikuwa natengeneza gemu ya Game Boy, ile mashine ya mkononi ya kampuni ya Nintendo ya 1989, kwa kutumia GB Studio, programu ya bure iliyotoka 2019 ambayo mtu anaweza kuitumia bila kujua kuandika kodi za kompyuta. Na Game Boy, katika kila mstari wa kioo chake, huonyesha spraiti 10 tu, yaani vile vipande vinavyotembea juu ya mandhari. Spraiti moja ina upana wa nukta 8. Mtu wangu ana nukta 16, kwa hiyo anakula mbili. Watu watano, kumi zimekwisha. Mama wa kapu alikosa nafasi kama abiria yeyote wa Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Nawaambia haya kwa sababu vijana wengi wananiuliza waanzie wapi, na jibu langu huwaudhi: anza na mashine inayokunyima. Nami sikuanza hivyo. Mimi na rafiki yangu tulianza na Mji Mkongwe wa Zanzibar, wote, vichochoro na milango ya nakshi, uwe wa pande tatu, na mchezaji aingie nyumba yoyote atakayo. Miezi kumi na minne. Tulikuwa na milango arobaini iliyochongwa vizuri ajabu na hakuna hata mmoja uliofunguka. Kompyuta ilikuwa inapumua kama mgonjwa wa pumu. Hatukugombana, hatukutangaza kuacha, tuliacha tu kupigiana simu kuhusu jambo lile.

Tatizo halikuwa tamaa kubwa. Tamaa tulikuwa tumeimwaga kila mahali kama maji kwenye mchanga. Mtu anayetengeneza gemu ya kioo kidogo analazimika kuchagua mahali pamoja pa kuwa mroho, na kwingine kote awe bahili kupindukia.

Gunpei Yokoi alilijua hili. Aliingia Nintendo 1965 kama fundi wa kutunza mitambo ya kutengenezea karata, na ni yeye aliyebuni Game & Watch, vigemu vya mkononi vya 1980, kisha akaongoza kazi ya Game Boy. Falsafa yake ilikuwa kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ya bei poa, na kuifikiria kwa upande ambao wenzako hawajautazama. Game Boy ilitoka na rangi nne za kijivu-kijani, kioo cha nukta 160 kwa 144, bila taa. Mshindani wake, Atari Lynx, ilitoka mwaka huohuo ikiwa na rangi na taa, Game Gear ya Sega ikafuata 1990, nazo zilikula betri sita kwa saa chache. Game Boy ilitumia nne na kukesha nazo. Yeye uroho wake aliuweka kwenye betri, bei na mfuko wa suruali. Ukijumlisha na Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Lakini usimsome Yokoi ukadhani anakuruhusu kuwa mvivu. Nimeona gemu nyingi ndogo ambazo ni ndogo kwa sababu mwenyewe alichoka mapema.

Cheza Link's Awakening, gemu ya Nintendo ya 1993 kwa Game Boy, ile ya awali ya rangi nne, uone ninachosema. Haikuanza kwa amri ya bosi. Programa mmoja wa Nintendo, Kazuaki Morita, alianza kuchezea vifaa vya Game Boy nje ya kazi yake rasmi, wenzake wakajiunga baada ya saa za kazi kama klabu ya shule, mpaka ikawa mradi kamili. Kisiwa kizima cha Koholint ni vioo 16 kwa 16, yaani 256, na unahama kimoja baada ya kingine. Hicho ndicho walichoweza kulipa. Wakatulia hapo.

Sasa angalia walipokuwa waroho. Mashine ina vitufe viwili tu vya kutendea, A na B. Mtu mwingine angeweka upanga kwenye kimoja daima na vitu vingine kwenye cha pili, maana gemu ya upanga bila upanga ni nini? Wao wakaufanya upanga nao uwe kitu cha kawaida, unauvua ukitaka. Mara hiyo kila vitu viwili vikawa swali. Unyoya unakurusha juu, viatu vinakukimbiza. Ukivishika vyote viwili unaruka shimo ambalo kimoja pekee hakivuki. Bomu na upinde ukivibonyeza pamoja, mshale unaondoka na bomu lake. Uhaba wa vitufe uliwapa fumbo jipya kila pango. Nadhani wangekuwa na vitufe sita, wasingelifikiria.

Na hadithi ndiyo usiseme. Hakuna binti mfalme wa kuokoa. Kuna kisiwa chenye watu wachache wa ajabu ajabu unaowazoea kama majirani, na kadiri unavyoelekea kumaliza ndivyo unavyogundua kwamba kumaliza ni kuwafuta, kwa kuwa kisiwa chote ni ndoto ya kiumbe mwingine. Hilo kwenye rangi nne! Nilimaliza saa nane usiku, nikakaa tu.

Upo pia uroho wa namna nyingine kabisa, wa kihandisi. Kijana Mwingereza, Dylan Cuthbert wa kampuni ya Argonaut, aliifanya Game Boy ichore dunia ya pande tatu, na Nintendo wakaitoa gemu hiyo, X, huko Japani mwaka 1992. Ni mistari mitupu, umbo bila ngozi. Pande tatu zilikula kila kitu, naye akaziruhusu.

Narudi kwa mama wa kapu. Nilikuwa na njia mbili: nimpunguze mtu mmoja, au nidanganye. Nikadanganya, tena kwa ujanja wa zamani sana. Wote wanaosubiri nikawachora kama sehemu ya mandhari, kama ukuta au mnazi, hawahesabiwi. Anayepanda tu ndiye anayegeuka spraiti, anabanduka kwenye umati na kutembea. Niliwasha gemu, nikaona umati umesimama kimya na mtu mmoja anatoka kukufuata, nikaelewa kumbe gemu yangu inahusu nini. Hadi siku ile ilikuwa gemu ya kuendesha daladala. Kuanzia hapo ikawa gemu ya konda anayechagua. Denti mwenye nauli yake ndogo, au baba wa nauli kamili? Mama na kapu lake linalokula nafasi ya wawili? Uroho wote nikauhamishia kwenye nyuso zile. Barabara ni mistari miwili na nguzo inayopita. Hakuna aliyelalamika kuhusu barabara.

Lugha nayo itakunyima, na hili hutalikuta kwenye mafunzo ya wageni. Kwa fonti niliyotumia, mstari mmoja wa maneno unabeba herufi 18. "Ninakushukuru sana" inaujaza wote, hakubaki hata nafasi ya nukta. "Hawajakurudishia chenji" inakatika katikati. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, kisha kinataka kulala chali kwenye kitanda cha mtoto. Niliandika upya mazungumzo yote, mpaka nikagundua kwamba makonda wenyewe walishalitatua. "Sogea nyuma." "Shusha!" "Chenji baadaye." Kaa kituoni nusu saa na daftari, utapata maandishi ya gemu nzima bila kuzidi mstari.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Jaribu mchoro wako juani, si chumbani: kijivu mbili za katikati hufanana kabisa saa saba mchana, na konda wangu wa kwanza alimezwa na mlango wa gari. Pima gemu kwa safari. Mchezaji wako atashuka wakati wowote, basi aweze kuhifadhi wakati wowote. Mpe mtu akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, halafu funga mdomo. Mimi nilikuwa naeleza kila kitu begani mwake na hivyo nisijue kwamba hakuna kilichoeleweka.

Mjaribu wangu ni mpwa wangu, wa darasa la sita, hana huruma. Mara ya kwanza alicheza dakika mbili akanirudishia: "Mjomba, huyu konda mbona mpole?" Alikuwa sahihi. Nikaongeza kelele, yaani sauti moja fupi ya kupiga bati, mara mbili kwa kuondoka na mara moja kwa kusimama, na gari likawa gari.

Wiki iliyopita amekuja na ombi jipya, anataka bajaji ikatize mbele. Kioo cha Game Boy kinajazwa na vigae 360, yaani viboksi vidogo vya mchoro, lakini GB Studio inakupa vigae 192 tu vya mandhari visivyofanana, vingine vyote uvirudie. Nimehesabu. Nimebakiwa na vigae 11, na bajaji yenye umbo linalotambulika inataka 12. Jana usiku nilikuwa naangalia dirisha la duka la dawa, najiuliza kama lile la kulia lazima liwe tofauti na lile la kushoto.