Futa hiyo makro, mabano hayatakuokoa

Usiiingize hiyo KUBWA kwenye mradi wako wa C. Ni makro, yaani jina linalobadilishwa na maandishi ya msimbo kabla ya kompaila kuanza kazi. Umeuliza namna ya kuunganisha majina kwa ## (alama inayobandika maneno mawili yawe moja ndani ya makro) ili uzalishe funksheni za kila aina ya data, halafu ukagusia tu kwamba makro yako ya kulinganisha namba ni salama kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya mabano. Hapo hapo ndipo nilipoumia mimi.

Mkubwa wangu kazini aliniambia vivyo hivyo: zungushia mabano, umemaliza. Nikaandika:

#define KUBWA(a, b) ((a) > (b) ? (a) : (b))

Nikaiita hivi: KUBWA(soma_baiti(), 16). Hiyo soma_baiti inachomoa baiti moja kwenye foleni ya data inayoingia. Priprosesa, hatua inayopanua makro kabla ya kompaila, haijui thamani, inajua maandishi tu, kwa hiyo ilinakili ule mwito mara mbili. Ikija 9, unapata 16, sawa. Ikija 40, ulinganisho unapita, kisha soma_baiti inaitwa tena, inachomoa baiti inayofuata, tuseme 7, na hiyo 7 ndiyo unayorudishiwa. Yaani umeomba iliyo kubwa kati ya kitu na 16, ukapewa 7! Ile 40 ndiyo imeshapotea, na pakiti nzima imesogea baiti moja.

Majaribio yangu yote yalikuwa na namba ndogo, yakapita. Kompaila, maonyo yote yamewashwa, kimya. Usiku wa tatu ndipo nilipoendesha gcc -E, inayoonyesha msimbo baada ya makro kupanuliwa, nikaziona soma_baiti() mbili kwenye mstari mmoja. Hasira zangu kwa yule bwana hazijaisha, maana mabano yanalinda mpangilio wa hesabu basi. Hayazuii hoja (kile unachokiweka ndani ya mwito) kukokotolewa mara mbili, na kwa uzoefu wake alipaswa kulijua hilo kabla ya kumfundisha mtu.

Kinachoweza kuwa funksheni, kiandike funksheni. static inline, funksheni ndogo ambayo kompaila inaweza kuipachika pale inapoitwa, ipo kwenye C tangu 1999: hoja inakokotolewa mara moja, aina zinakaguliwa. Ukitaka ijichagulie kati ya int (namba kamili) na double (namba za desimali), tumia _Generic ya C11, inayochagua kwa aina ya data, ikuelekeze kwenye funksheni hizo.

Na kwenye msimbo uliobandika, KUBWA(*p++, kikomo) ni ajali ile ile: p++ inaisogeza pointa p hatua moja, kwa hiyo itasogea mara mbili kila thamani ikizidi kikomo. Endesha gcc -E kwenye faili hilo sasa hivi, uone kwa macho yako.