Brugge Bila Mpango: Mchana Ingia Ndani, Jioni Fuata Maji

Ukiamka Jumamosi ya Julai hapa Brussels, jua limeshashika kasi, nyumba ni joto tupu na huna ratiba yoyote, kapande treni ya Brugge, mji wa kale wa mifereji. Treni za ndani za Ubelgiji hazina viti vya kuwekewa mapema, na nauli haipandi eti kwa sababu umeamua dakika za mwisho. Mwendo ni kama saa moja. Siku za joto treni hiyo hujaa familia zinazokwenda pwani na miavuli yao na ndoo za watoto, maana nyingi huendelea hadi Oostende au Blankenberge, kwa hiyo panda kituo cha mwanzo mwanzo kama Nord ili upate pa kukaa. Mwenye gari aliache kwenye maegesho ya stesheni ya Brugge. Kuliingiza mjini ni kujitafutia taabu.

Kufika ni rahisi. Kinachowachosha watu ni msongamano. Mji wa kale ni mdogo, na wakati wa kiangazi hupokea wageni wa mabasi, wa treni, na wale wanaoshushwa na meli kubwa bandarini Zeebrugge. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, uwanja wa Markt hauna nafasi na foleni za boti ni ndefu. Halafu wengi wao huondoka kwa pamoja. Na Julai jua la huku huzama karibu na saa nne usiku! Ndiyo maana nawashauri wote wanaoniuliza: mchana ingieni ndani, mifereji iacheni hadi jioni.

Pa kuingia chagua mahali pamoja tu, pawili pakizidi. Mimi naanza na Onze-Lieve-Vrouwekerk, kanisa lenye mnara wa matofali wa mita 115. Ndani kuna sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo mwanzoni mwa miaka ya 1500, ikanunuliwa na familia ya wafanyabiashara wa nguo wa Brugge. Wafaransa waliichukua mwaka 1794, ikarudi. Wajerumani waliichukua mwaka 1944, ikapatikana kwenye mgodi wa chumvi huko Austria, ikarudi tena. Kuingia kanisani ni bure ila kuifikia sanamu kunahitaji tiketi, na Jumapili sehemu hiyo hufunguliwa mchana. Ilipe bila kusita. Maria hamtazami mwanawe. Macho yameshuka, na mtoto ameshika mkono wa mama huku mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga, kama mtoto yeyote anayetaka kushuka mapajani. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama pale kimya hadi nikadhani amechoka.

Mnara wa kengele pale Markt una ngazi 366 nyembamba na hauna lifti. Wanaoingia huhesabiwa, na tiketi huenda kwa saa maalumu, hivyo bila kuandaa mapema unaweza kuambiwa usubiri sana. Ukiwa na mzee au mtoto mchanga, uangalie kutoka chini tu, unapendeza hivyo hivyo.

Chakula kina mambo ambayo watu wetu wengi hawaambiwi. Chipsi za Ubelgiji mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo mla halali au asiyekula nyama aulize kwanza. Ule mchuzi mzito wa nyama, stoofvlees, hupikwa kwa bia, na kome nao mara nyingi hutiwa divai nyeupe. Maji mezani ni ya kununua, beba chupa yako. Weka na sarafu mfukoni kwa ajili ya choo. Na ninyi ndugu zangu wa Kongo mliozoea Kifaransa cha Brussels, hapa ni kwa Waflemi: anza na salamu ya Kiholanzi au sema Kiingereza, utapokewa vizuri zaidi.

Boti za mferejini huzunguka kwa kama nusu saa na huacha kazi jioni, kwa hiyo ukiitaka, foleni ya mwisho wa alasiri huwa imeshapungua. Ila raha yenyewe haina tiketi. Uache ukingo wa Rozenhoedkaai kwa wapiga picha, elekea kaskazini hadi uwanja wa Jan van Eyckplein, kisha fuata maji ya Spiegelrei na Langerei. Dakika chache tu umewaacha watu nyuma: nyumba za matofali, madirisha wazi, mtu anamwagilia maua, bata wamelala ukingoni.

Pale Jan van Eyckplein kuna Tolhuis, nyumba ya ushuru ya mwaka 1477. Nilimweleza shangazi kwamba mizigo ya sufu, viungo na mvinyo ililipiwa hapo.

"Kwa hiyo hii ndiyo forodha yao?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na bahari iko wapi, mwanangu?"

Ni swali la mtu wa pwani, na ndilo linaloufungua mji huu. Bahari iko mbali, kama kilomita kumi na tano. Dhoruba ya mwaka 1134 ilichimba mkono wa bahari ulioitwa Zwin, meli zikaweza kusogea hadi karibu na mji, na Brugge ikatajirika. Kisha mchanga na tope vikaujaza mkono ule taratibu, meli zikahamia Antwerpen, na mji ukabaki maskini kwa karne nyingi. Asiye na pesa habomoi nyumba ya babu yake kujenga mpya, na kwa kiasi kikubwa ndiyo maana tunaikuta ilivyo. Japo tusidanganyane, sehemu nyingi za mbele ya majengo zilikarabatiwa karne ya 19 kwa mtindo wa kale.

Ukifika mwisho wa Langerei pinda kulia ufuate ukingo wa nje wa mji, Kruisvest, penye vinu vinne vya upepo juu ya vilima vya majani. Sint-Janshuismolen kilijengwa mwaka 1770. Wenyeji huja kukaa pale jioni na watoto na vyakula vyao. Nawe tandika khanga ukae. Vaa viatu vya soli nene, mawe ya barabarani hayana huruma na kigari cha mtoto hurukaruka juu yake.

Kabla ya kukaa, angalia saa ya treni ya mwisho, na uhesabu zaidi ya nusu saa ya kutembea kutoka vinuni hadi stesheni. Jumapili jioni treni hurudi zimejaa watu wa pwani. Ukiona hivyo, subiri inayofuata.