Utapunguzaje bei ambayo hukuiandika?

Mwanangu Mwanaisha,

Waalaikum salaam. Sisi hatujambo, babako anakusalimu na anauliza lini utamleta mjukuu wake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umesema tangazo la nyumba yako ya huku Tudor, Mombasa, liko mtandaoni tangu kabla ya Ramadhani, watu wanalitazama, wachache wameuliza kisha wakapotea, na sasa wataka nikuambie: upunguze bei, au umwite fundi apake rangi nyumba nzima?

Nilimwambia nduguyo anifungulie hilo tangazo kwenye simu yake. Lasema hivi: “Nyumba nzuri ya kuvutia inauzwa Tudor. Vyumba vitatu. Eneo tulivu, karibu na huduma zote. Bei maelewano.” Na picha zake: geti limefungwa, sebule usiku kwa mwanga wa balbu, choo, tena choo, na kanga za mpangaji zimeanikwa uani. Hapo nilicheka, mwanangu. Waniuliza upunguze bei, na bei yenyewe hukuiandika popote.

Usipunguze kitu. Fundi rangi naye mwache kwanza. Nyumba haijakataliwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyeelezwa nyumba yenyewe ikoje.

Wajua miaka niliyokaa ofisi ya wakili pale barabara ya Nkrumah nikichapa mikataba. Wanunuzi walikuwa wakikaa mbele ya meza yangu wakisubiri kuitwa ndani, na mtu akisubiri huongea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nyumba inavutia. Waliuliza ardhi ni ya nani, maji yanakuja siku gani, gari linaingia mpaka wapi, ukuta wa nyuma mbona una chumvi. Hayo ndiyo ya kuandika.

Anza na ardhi. Nyinyi mliohamia Nairobi mmeshasahau kwamba kwetu kuuza nyumba na kuuza ardhi ni mambo mawili mbalimbali. Majengo na sehemu nyingi za Kisauni, mtu anajenga nyumba yake ya mawe kwenye ploti ya mwingine, anamlipa mwenye ploti kodi ya ardhi, na siku akiuza anauza kuta na paa tu. Ndiyo nyumba bila ardhi, na ni biashara halali inayofanywa kila siku. Sasa mnunuzi wa Mombasa akiona tangazo limenyamaza kuhusu ardhi, anachukulia kwamba haimo. Anapita. Wewe una hati ya umiliki wa kudumu, iko kwa jina lako, ploti yako mwenyewe, na umeandika “eneo tulivu”! Maneno “nyumba pamoja na ardhi yake” yawe mstari wa kwanza kabisa.

Yule Mjerumani aliyekuuliza naye mjibu wazi. Kwa Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya kwa kudumu. Anapata ukodishaji usiozidi miaka 99. Hati yako ikihamia kwake itahesabiwa hivyo. Wengine hili huligundua kwa wakili wakadhani wanadanganywa, wakaondoka. Afadhali alijue kwako mapema.

Lakini hati usiipige picha ukaiweka mtandaoni, hata kama dalali atakusihi. Nambari ya hati, jina lako, muhuri, saini, vyote mikononi mwa watu usiowajua? Andika tu kwamba hati ipo. Mtu akishaiona nyumba na akaonyesha nia, wakili wako atampa nambari akafanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, aone kama nyumba ina mkopo au zuio. Pia angalia kama kodi za kaunti zimelipwa mpaka mwaka huu, maana bila cheti cha kaunti uhamisho hausongi mbele, na ukishakuwa nacho kiseme kwenye tangazo. Mliishi humo mlipooana, kwa hivyo ridhaa ya mumeo nayo itatakiwa. Mwambie asisafiri akapotea kama kawaida yake.

Pili, maji. Nairobi mnalalamika maji, lakini kisiwa hiki hakina hata kijito cha maji matamu. Tunachokunywa kinatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere kule Shimba, na Tiwi, na yakifika hapa yanagawanywa kwa zamu. Mnunuzi wa hapa anajua. Ukimwandikia “maji yapo” hakuamini, kwa sababu kila mtu huandika hivyo. Mwandikie yanavyokuja: mfereji, yaani bomba, unatoka siku gani, tangi la juu lina lita ngapi, la chini lina ngapi, pampu ni nzima au la, na kwamba maji ya kisima ni ya chumvi, ya kufulia na kuoshea tu. Muulize mpangaji wako siku za mfereji, nisikudanganye, hubadilika. Ukitaja tangi la lita 10,000 chini ya ua, hilo peke yake litakuletea simu nyingi kuliko neno “kuvutia” utakaloliandika mara mia. Mama mwenye watoto watano hatafuti nyumba ya kuvutia. Anatafuta mahali atakapofua Jumamosi.

Sasa picha, na hapa nitakaa kidogo.

Nyumba yenu ina kitu ambacho nyumba nyingi za Tudor hazina, ile roshani ya juu inayotazama hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Haimo kwenye picha hata moja. Labda mpigaji alipanda juu maji yamekupwa, akaona matope na mizizi ya mikoko, akashuka. Basi mwambie asiende siku yoyote tu. Angojee bamvua, yale maji makuu ya bahari, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwani siku hizo maji ya hapa hujaa alasiri, kuanzia saa kumi hivi. Roshani inatazama kaskazini, kwa hivyo jua la wakati huo litakuwa ubavuni, halitampiga machoni. Asimame ndani ya chumba, mlango wa roshani ukiwa wazi, ili picha ionyeshe chumba, ukingo wa roshani na maji nyuma yake. Hiyo ndiyo iwe picha ya kwanza, maana kwenye simu mtu huona moja tu kabla hajaamua kufungua au kupita. Babako husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani sawa, watu walipita mlangoni wakaiona nyumba. Siku hizi nyumba nzuri isiyopigwa picha vizuri haina mlango.

Sebule ipigwe asubuhi, mapazia yamefunguliwa, taa zimezimwa. Simu ilazwe upande, kimo cha kifua, mpigaji ajibanze pembeni ili pande mbili za chumba zionekane, na dirisha liwe nyuma yake. Choo picha moja yatosha, na kifuniko kimefungwa tafadhali. Jiko uliliacha kabisa, na mwanamke yeyote atataka kuliona. Piga pia njia ya kuingilia na gari likiwa limeegeshwa ndani ya ua, kwa kuwa watu wanaogopa vichochoro vya kisiwani. Nambari ya nyumba na nambari ya gari zisionekane.

Halafu andika jina lako juu ya kila picha, hafifu, katikati. Kuna watu huchukua picha za nyumba inayouzwa wakazitangaza kwamba ni ya kupangisha kwa bei ya kutupa, wakakusanya “pesa za kuonyeshwa nyumba” kwa kila maskini anayetafuta pa kukaa. Wenye nyumba hushtukia wageni wako getini na mabegi yao.

Mpangaji mpe taarifa ya siku kadhaa kabla hujampeleka mtu yeyote. Ile ni nyumba yake mpaka mkataba wake uishe. Na kwenye tangazo sema kama mnunuzi ataikuta tupu au na mpangaji ndani. Anayetaka kuhamia atauliza tarehe; anayetaka kodi atauliza mpangaji analipa kiasi gani. Ni wanunuzi wawili tofauti na wote wanakufaa.

Rangi. Najua unachotaka kukificha: ule ukuta wa nyuma, chini, unaochanua unga mweupe. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, unyevu hupanda kutoka chini na chumvi hutokea nje. Ukiupaka rangi ya mafuta unafungia maji ndani, na upepo wa kusi ukiingia na mvua za Mei rangi yote itamenyuka kama ngozi iliyoungua jua, mbele ya mnunuzi ambaye bado hajamaliza kulipa. Mwache fundi akwangue plasta iliyooza, abandike upya, apake chokaa, basi. Kisha useme kwenye tangazo kwamba ukuta wa nyuma una unyevu, umetengenezwa lini. Utaniona nimechanganyikiwa. Lakini mtu anayesoma kasoro moja iliyosemwa na mwenye nyumba huamini na mengine yaliyoandikwa juu yake, na anayekuja akiwa anaijua hawezi kuitumia kukuteremsha milioni nzima pale mlangoni.

Pesa nyingine itumie kwenye kutu. Grili za madirisha ya upande wa bahari zisuguliwe, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, na geti pia. Badilisha balbu zilizoungua na ule mfereji wa jikoni unaodondoka. Makabati mapya ya jikoni usithubutu. Atakayenunua atayang'oa aweke yake.

Bei basi. Iandike. Wanaoficha bei wanadhani wataitwa na watu wengi zaidi, na ni kweli wanaitwa, na wasio na pesa. Mwenye pesa hana muda wa kuuliza, anakwenda kwenye tangazo lenye tarakimu. Kabla hujaiandika, lipa mthamini aliyesajiliwa akupe ripoti. Usipime kwa matangazo ya wenzio, maana yale yanaonyesha wanachotaka, hayaonyeshi walichopata. Kumbuka mnunuzi juu ya bei yako atalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali ya mjini, na wakili wake. Kwa hivyo mtu mwenye milioni 15 mfukoni hatafuti nyumba ya milioni 15. Na wewe upande wako kuna kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, kutoka 5 ya zamani. Mngekuwa mmekaa humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza mngesamehewa, lakini mmeipangisha, kwa hivyo ihesabu sasa usije ukalia baadaye. Acha nafasi ndogo ya kuvutana, kwani Mombasa hakuna anayenunua hata samaki bila kuvutana, lakini iwe ndogo.

Jambo lililoniudhi: nyumba hiyo hiyo nduguyo ameikuta kwa madalali watatu, kila mmoja na bei yake. Mnunuzi akiona hivyo anasubiri ya nne. Chagua mmoja aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura 533, mwandikiane, wale wengine waambie wafute.

Nimekuandikia mwanzo, urekebishe mwenyewe:

“Inauzwa Tudor, Mombasa: nyumba ya ghorofa pamoja na ardhi yake. Hati ya umiliki wa kudumu kwa jina la muuzaji; kodi za kaunti zimelipwa. Vyumba vitatu vya kulala, kimoja na bafu lake ndani. Roshani ya juu yatazama hori, yapata kaskazi. Vyumba vya nyuma vyapata kusi. Mfereji kwa zamu, tangi la chini lita 10,000, pampu mpya, kisima cha maji ya chumvi. Gari mbili zaingia uani. Ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu, umetengenezwa. Ina mpangaji, itakabidhiwa tupu kwa taarifa. Bei shilingi …, upekuzi kupitia wakili.”

Pampu nimeandika mpya kwa kuwa utainunua. Ile iliyopo inanguruma mpaka barabarani. Na hizo kodi za kaunti, kama hamjalipa, ule mstari uondoe mpaka mlipe.

Bamvua inayofuata ni mwezi ukiandama. Nduguyo yuko tayari kwenda kupiga picha, ila anataka nauli ya tuktuk na soda. Nitumie kiasi atakachosema mthamini, nijaze pale nilipoacha wazi.

Mamako