Nyota «zinanyonyana», au moja inamnyonya mwenzake?

SWALI: Naandaa somo la sayansi kuhusu nyota mbili zilizo karibu sana, moja ikiwa kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyozeeka). Niliandika: «zinazungukana na kunyonyana gesi». Mwalimu mwenzangu amekata «kunyonyana». Je, nimekosea? Halafu, ni «kibete cheupe» au «kibete nyeupe»?

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi kwa wakati uliopo. Kwa wakati uliopita, ningekutetea kidogo.

Kauli ya kutendana inadai kila upande utende na utendwe. «Zinavutana» ni sawa, maana uvutano hauna upande mmoja. «Zinazungukana» nayo ni sawa, kwa kuwa zote mbili hukizunguka kitovu kimoja kilicho kati yao. Ukiandika «zinazunguka» tu, msomaji ataona kila moja ikijizungushia pale ilipo kama pia.

Kunyonya ni habari nyingine. Chukua jozi ya nyota iitwayo T Coronae Borealis: jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka na kuvimba, na kibete cheupe, zinazungukana kwa siku 228 hivi. Gesi inatoka kwa jitu kwenda kwa kibete. Hidrojeni inarundikana juu ya kibete hadi inalipuka kinyuklia, na nyota isiyoonekana kwa macho matupu inaonekana, kama ilivyokuwa mwaka 1866 na tena 1946. (Hiyo «onekana» isikuchanganye, mwisho wake ni -ana lakini hakuna kutendana humo.) Hapo andika «kibete kinamnyonya mwenzake». Kiambishi -m- ni halali: mwenza hubaki katika ngeli ya A-WA hata akiwa nyota, kama tunavyosema jicho moja limemzidi mwenzake.

Sasa utetezi wangu. Kibete hakikuzaliwa kibete. Kilikuwa nyota nzito kuliko mwenzake, na nyota nzito humaliza hidrojeni ya kiini chake mapema. Ikazeeka, ikavimba, gesi yake ikamwagikia upande wa pili, mara nyingi kwa wingi hata ikazifunika zote mbili. Ndani ya gesi hiyo msuguano ukazipunguzia nguvu za mwendo, zikakaribiana mno. Jozi nyingine ya namna hii, U Geminorum, leo inakamilisha mzunguko kwa saa nne na kitu. Gesi ilipotawanyika, kilichobaki cha ile nyota nzito ni kiini tu, yaani kibete, chenye ukubwa kama wa Dunia. Aliyekuwa akitoa ndiye sasa anayepokea. Kwa maisha yote hayo, neno zuri zaidi ni «zimepokezana».

Kuhusu ngeli: kibete cheupe, vibete vyeupe. Ukitanguliza nyota, kivumishi kinaifuata nyota: nyota kibete nyeupe. «Kibete nyeupe» haina pa kushika. Na vibete viwili vikigongana, vikalipuka na kutoacha hata kiini, ukiniandikia «vimeuana» sitakata.