Usitupe chaki kwa ajili ya adungu

Mwalimu mwenzangu wa Jinja, unauliza kama uache kufundisha Kiswahili uishi kwa kupiga ala za muziki: adungu (kinubi), endingidi (fidla) na amadinda (marimba). Usiache kwanza. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda likubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, Julai 2022, somo letu lina soko. Ngoma hulipa kwa msimu; harusi zikipungua, utakula nyuzi?

Ila ngoma hiyo ipeleke darasani. Amadinda ina vibao 12, vimelazwa juu ya mashina ya migomba. Wapigaji wawili hupokezana pigo kwa pigo, wa tatu hudaka vibao viwili vya mwisho tu. Wanafunzi wangu hupokezana silabi vivyo hivyo: ki-ta-bu, vi-ta-bu. Ngeli zinawaingia bila fimbo.

Endingidi, uzi mmoja tu, ndiyo itakutesa. Mtafute mzee akufundishe jioni.