Kifuku kikizidi, usikimbilie jembe

Huku kwetu Lindi hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, wenyewe tunauita kifuku. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mvua inapumzika kidogo Januari mwishoni au Februari, kisha inarudi kwa nguvu Machi na Aprili. Ukiharibu ndani ya miezi hiyo, hakuna mvua nyingine ya kukurudishia. Unasubiri mwaka.

Nawaandikia hasa wenye shamba dogo la nyumbani, lile ambalo mama au babu ndiye analisimamia na watoto wanasaidia, wengine kwa jembe, wengine kwa kutuma hela kutoka mjini. Habari za ukame tumefundishwa sana. Mvua iliyopitiliza mimi nimefundishwa na hasara.

Shamba letu liko kando ya bonde la mto Lukuledi, upande wa Mtama. Ni ekari nne kwa jumla. Juu ni kichanga chekundu chenye mikorosho aliyopanda marehemu baba. Katikati pana tambarare ya mihogo, mbaazi, karanga na ufuta. Chini kabisa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, tunalima mpunga wa kula. Mvua moja ikinyesha, sehemu hizo tatu zinaipokea kila moja kwa namna yake, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Januari 2024 nilikuwa na kilo tatu za mbegu ya ufuta. Kipimo cha kawaida ni kama kilo mbili kwa ekari, kwa hiyo zilinitosha ekari moja na nusu. Nikataka nizimalize zote ndani ya siku mbili, pale tambarare, maana vibarua walikuwepo na ardhi ilikuwa imelainika. Mama alikuja na chai, akasimama karibu na mwembe mchanga ulioinama, akaniita.

"Mwanangu, njoo uone hapa."

Kwenye tawi kulikuwa na povu jeupe, ukubwa wa ngumi mbili. Nje lilikuwa limeanza kukauka kama ukoko, ukiligusa ndani bado laini. Ni povu la vyura wa mitini. Wanalitengeneza juu ya maji, wanataga mayai humo ndani, na viluwiluwi vikishaanguliwa vinadondoka chini. Chini ya tawi lile palikuwa na kidimbwi cha upana wa ungo tu.

"Chura hatundiki wanawe juu ya nchi kavu," mama akasema. "Akitundika hapa, maji yatakaa hapa."

Nilimsikia, lakini vibarua walikuwa wanasubiri. Tukapanda. Ufuta ukaota vizuri, ukafika majani manne, ndipo ikaja mvua ya siku nne mfululizo. Kile kidimbwi cha ungo kikawa bwawa la robo tatu ya ekari. Siku ya tano maji yalipopungua, miche ilikuwa imesimama bado, nikamshukuru Mungu. Siku ya saba majani ya chini yakageuka njano. Nikang'oa mche mmoja nikauweka kiganjani: shina karibu na udongo lilikuwa la kahawia, na nilipouvuta mzizi kwa vidole viwili, ganda lake likatoka lote kama soksi, ukabaki uzi mweupe. Nikang'oa wa pili, wa tatu, wa kumi. Yote hivyo hivyo. Ufuta unavumilia jua kali kuliko mazao mengi, ila maji yaliyotuama siku mbili tatu yanauua, kwa sababu mizizi inakosa hewa.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujapanda chochote, subiri mvua kubwa ya kwanza ya Desemba, vaa koti la mvua, chukua vigingi kumi au ishirini, utoke uyafuate maji. Usisubiri mvua ikatike, maana ikishakatika yanabaki matope tu na njia yake huioni. Mahali yanapoingilia shambani, chomeka kigingi. Yanapotawanyika, chomeka. Yanaposimama, chomeka. Kwetu niligundua kwamba maji mengi hayakuwa hata ya shamba letu. Yalikuwa yanashuka kwenye njia ya miguu inayotoka kijijini, njia iliyokanyagwa miaka hata ikawa mfereji, inayaleta yote katikati ya ufuta wangu.

Tulichimba mtaro upande wa juu, ukikata mteremko kwa kulala, kina cha magotini, ukiinama kidogo sana kuelekea pembeni ili maji yatembee bila kukimbia. Udongo tuliutupa upande wa chini ukawa tuta, na juu ya tuta tukapanda mchaichai na majani ya tembo yashike ardhi. Mbuzi wanakula, sisi tunapata chai.

Hapa lazima niseme kosa langu jingine. Mtaro nilijua unaanzia wapi, unaishia wapi sikufikiri. Maji yakaenda kutokea kwenye majaruba ya mpunga ya jirani yetu, mzee wa makamo ya baba yangu, yakavunja kingo mbili. Alikuja asubuhi, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akakaa kimya muda mrefu. Niliumia kuliko angenigombeza. Tulirudi kwake mimi na kaka, tukajenga zile kingo kwa mikono yetu, halafu watatu tukarefusha mtaro hadi kwenye kichaka cha matete ambako maji yanapoa kabla ya kuteremka mtoni. Ukichimba mtaro, nenda kwanza kwa jirani wa chini ukiwa na mkono mtupu, kabla ya kwenda na jembe. Mambo ya maji yakifika kwa mwenyekiti wa kitongoji yameshachelewa.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linaonekana kama uvivu. Kuna siku haifai kuingia shambani kabisa.

Kichanga chetu cha juu, mvua ikikatika asubuhi, jioni unaingia. Mfinyanzi wa chini unataka siku mbili, hata tatu. Kipimo ni mkono: chukua udongo wa kina cha kidole, ufinyange, kisha uachie udondoke kutoka kiunoni. Ukivunjika vipande, ingia. Ukianguka ukabaki donge, rudi nyumbani ukasuke mkeka. Ukiulima au kuukanyaga ukiwa donge, unaugandamiza, na jua la Februari likija unakuwa sakafu. Karanga zikishatoa maua, zinateremsha vishina vyembamba vinavyotakiwa kutoboa ardhi vikazae humo. Kwenye sakafu havitoboi. Mwaka ule tulikuwa na mistari sita ya karanga iliyostawi majani kuliko yote, tulipoing'oa ilikuwa na punje mbili mbili. Ni ile mistari ambayo vibarua waliipitia siku ya matope.

Na waliipitia kwa nini? Kwa sababu kaka mwingine, aliyeko mjini, alikuwa ametuma hela ya palizi, na kila jioni anapiga simu, "Mmeshapalilia?" Simlaumu. Yuko mbali, anapenda nyumbani, anaogopa magugu. Ila wewe uliyeko mjini, nakuomba sana, ukipiga simu kipindi cha kifuku uliza kwanza, "Udongo ukoje leo?" Mama atakujibu kwa furaha, na hela yako itafanya kazi siku inayostahili.

Tena palizi ya matopeni haiui magugu. Ndago ukiikata inachipua kutoka kwenye vitunguu vyake vilivyo chini. Lile gugu lenye shina tepetepe na maua ya buluu ndilo baya zaidi, ukiliacha limelala juu ya udongo uliolowa, kesho limeota mizizi kila pingili. Sisi tunalikusanya kwenye karai tunalitoa nje, tunawapa nguruwe wa jirani. Karanga na kunde majani yakiwa na maji usiyaguse hata kama udongo unaruhusu, unahamisha ugonjwa wa madoa kutoka mche mmoja kwenda mwingine kwa mikono na nguo zako. Ngoja mpaka saa nne, jua liyakaushe.

Kinachosaidia ni kupanda kwa mistari. Ufuta ukiwa sentimita 50 mstari hadi mstari na 10 kati ya mche na mche, ile nafasi ndogo ya siku moja na nusu ya jua inawatosha watu watatu kumaliza nusu ekari. Uliotupwa ovyo, utapalilia wiki nzima na mvua itakukuta katikati.

Mihogo nitaisema kwa ufupi. Panda juu ya matuta, sehemu inayotuama usiipande kabisa. Mvua ikizidi, usishikwe na hofu ukang'oa shamba zima kwa kuogopa kuoza, kwa sababu makopa, yaani mihogo iliyomenywa ya kukausha, hayakauki kipindi hicho. Yanaota ukungu mweusi darini na unga wake unakuwa mchungu. Mama anang'oa ya chungu cha siku hiyo tu, akianzia mashina yanayonyauka. Na unapochagua vipande vya kupanda, usiangalie shina tu. Pasua muhogo wa shina hilo. Ukiona michirizi ya kahawia iliyokauka ndani, shina zima liache, hata kama majani yanapendeza. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na aina za mihogo kama Kiroba na Naliendele zinauvumilia vizuri kiasi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko pale karibu na Mtwara mjini, inafaa uende ukaulize.

Radi: ukiisikia ngurumo, toka chini ya mkorosho. Waambie na watoto, maana mkorosho mkubwa una kivuli kizuri na wao ndiko wanakokimbilia.

Na siku zile za kutoingia shambani zina riziki yake. Uyoga wa kichuguu unatoka siku mbili tatu tu, asubuhi na mapema, na ukichelewa funza wamekutangulia. Mama anaupika na karanga za kutwanga. Februari ghala likiwa tupu, tumekula uyoga, majani ya maboga na kisamvu, na nyumba haikulala njaa.

Turudi kwenye ufuta. Katikati ya Februari, mvua ilipopumzika, sikuwa na mbegu tena ila nusu kilo niliyoazimwa na shangazi. Nikaipanda sehemu ya juu, pembezoni mwa mikorosho, nikiwa na moyo mzito, kwa sababu wenzangu waliopanda Januari mwanzoni mahali pa mwinuko ufuta wao ulikuwa unafika kiunoni. Mwishoni mwa Aprili wakaukata, wakafunga miganda, wakaisimamisha kwenye vichanja. Tarehe 4 Mei kikaja kimbunga Hidaya. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, na mvua ikalowesha miganda hadi ndani. Mama mmoja wa jirani alinifungulia mganda wake: punje zilikuwa zimeanza kuchipua ndani ya vitumba, nyingine nyeusi. Ufuta wa namna hiyo ghalani haupokelewi. Alikuwa amelima vizuri kuliko mimi, na kwa wakati.

Wangu ulikuwa bado mbichi, umesimama kwenye kichanga, ukayumba na ukasimama tena. Niliukata Juni kwenye jua.

Sikuwa na akili kuliko yeye, na mwaka mwingine ni wa Januari ndio utakaopona. Kwa hiyo siku hizi nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa mvua za msimu, wanaoutoa kabla ya Novemba, na hata wakisema mvua ni za wastani, sipandi mbegu zote kwa tarehe moja wala udongo mmoja. Na turubai nanunua kabla ya kukata ufuta. Mganda ukishakatwa, ukiona wingu funika juu, ubavuni acha wazi upepo upite.

Mwaka huu nimepanda kilo mbili, kwenye mwinuko, baada ya kuyafuata maji na kuangalia mapovu kwenye matawi. Kilo ya tatu imo kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri, darini jikoni kwa mama, na haitashuka mpaka Februari katikati.