Bibi Yako Yumo Kwenye Kurasa za Watu Wengine

"Dada, mama yake babu yangu alikuwa mtu wa Old Moshi. Nimeuliza kila mtu kwenye ukoo, wananiambia zamani wanawake hawakuandikwa popote. Nianzie wapi?"

Ujumbe huu umenifikia wiki iliyopita kutoka kwa msomaji wa Arusha, na umenikuta nikiwa na furaha ambayo sijui hata niiweke wapi, kwa sababu mwezi huu nimempata wa kwangu. Mdogo wangu, waliandikwa. Sisi ndio tunaowatafuta kwenye mlango wenye majina yao, wakati wao wamekaa ndani ya habari za watoto wao, waume zao na watoto wa majirani. Ngoja nikueleze yangu, utaelewa.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Habari za mama yake nyumbani kwetu zilikuwa sentensi moja: "Alimwacha mtoto akaondoka." Basi. Nimekua nikiisikia kila Desemba tunapopanda mlimani, ukoo ukikaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka, wazee wakihesabu vizazi. Msichana akirudi nyumbani kutoka kwa mume, anaambiwa ana miguu ya yule bibi. Ndoa yangu ilipovunjika nami niliambiwa hivyo hivyo, mbele ya watoto wangu, na mtu ninayemheshimu. Sikujibu. Baadaye ukoo ukachapisha mti wake kwenye karatasi kubwa. Wanaume wana majina hadi kizazi cha tano, na chini ya kila mmoja imeandikwa "mke wa kwanza", "mke wa pili". Nikauliza kama tunaweza kuweka majina ya hawa mama. Nikajibiwa, "Jina lake nani analijua?"

Nilianzia kwa shangazi, na hata wewe nakushauri uanzie kwa shangazi. Wazee wa kiume watakupa orodha ya wanaume na mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Shangazi atakupa nani alimnyonyesha nani. Tena wa kwangu ndiye aliyekuwa na sanduku la bati la babu: kaka zake waligawana mikahawa, yeye wakamwachia makaratasi. Mwaka huu tumeketi kwenye mkeka tukayatandaza yote.

Mengi hayakunisaidia. Malipo ya kahawa ya chama cha msingi yalikuwa kwa jina la mwanamume, ingawa sote tunajua nani alichuma. Ila kulikuwa na stakabadhi za kodi za baba yake babu, zimefungwa kwa uzi. Enzi za Mwingereza, miaka ya 1920, kodi ilitozwa kwa nyumba, na mwenye wake wawili alilipia nyumba ya kila mke. Tukazipanga kwa miaka. Mwanzoni analipia nyumba mbili, halafu ghafla moja. Shangazi akaniangalia, nikamwangalia. Tulikuwa tumepata mwaka ambao mama yule alitoka kwenye boma, na hakuna karatasi hata moja iliyokuwa na jina lake.

Chini kabisa kulikuwa na cheti cha ubatizo cha babu. Hicho ndicho kilichonipandisha parokiani. Kilema ni misheni kongwe, mapadri wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1890, na vitabu vya misheni kama hizo viliandikwa kwa Kilatini. Usiogope Kilatini. Maneno yanayojirudia ni machache: filia ni binti, uxor ni mke, vidua ni mjane, matrina ni mama wa ubatizo. Ukiyashika hayo unaweza kusoma ukurasa mzima. Nilikwenda na barua ya jumuiya yangu, siku ya kazi, nikaomba kwa adabu, nikakubaliwa kusoma nikiwa nimeketi mbele ya katibu wa parokia. Sikupiga picha kwa sababu sikuruhusiwa. Nilinakili kwa mkono.

Ubatizo wa babu ukaniambia jina la mama yake. Nililisoma polepole, herufi kwa herufi. Nitalitaja kwanza kwenye kikao cha ukoo Desemba hii kabla sijaliweka mtandaoni. Wazee wangu wanastahili kulisikia kwa sauti yangu.

Nikiwa na jina, nikamtafuta miaka ya mbele, nikakuta ubatizo wake mwenyewe, akiwa mtu mzima, na jina la baba yake, mtu wa Kirua. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hili hakuna aliyenifundisha. Tangu mwaka 1908 Kanisa Katoliki liliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, ndoa hiyo iandikwe pia pembeni ya jina lake kwenye kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo soma pembeni! Watu wengi wanasoma mistari ya katikati wanafunga kitabu. Pembeni ya jina lake palikuwa patupu. Nikafungua jina la baba yake babu, naye alibatizwa mtu mzima, na pembeni yake imeandikwa ndoa, na mke aliyeandikwa ni yule mwingine.

Nilikaa kimya pale. Mwanamume mwenye wake wawili alipotaka kubatizwa ilimbidi abaki na mmoja. Ndiyo ilikuwa sheria ya misheni. Mwaka wa ile ndoa na mwaka ambao stakabadhi zinashuka kutoka nyumba mbili hadi moja ni mwaka ule ule. Mama yake babu hakuondoka. Alitolewa, na mtoto wa kiume akabaki kwenye kihamba cha baba yake kama desturi ilivyotaka. Mimi ni Mkatoliki na silaumu Kanisa langu. Ninachoumia nacho ni kwamba watu waliolijua jambo hili walikuwepo, wakakaa kimya hadi likageuka kuwa kosa lake.

Tena hakwenda mbali. Nilipomaliza kusoma mistari yake nilianza kusoma ya watoto wengine, na nikamwona kwenye nafasi ya matrina. Nikafungua ukurasa mwingine, yupo. Miaka kadhaa mbele, bado yupo, anasimamia watoto wa watu wa Kilema kwenye kisima cha ubatizo. Wewe unayejua taratibu za Kanisa unaelewa maana yake: mwanamke anayeishi kama mke wa pili hakubaliwi kuwa msimamizi. Kwa hiyo aliishi peke yake, kwa heshima, majirani wakamwamini na watoto wao, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa mwanawe. Mwisho nikamkuta kwenye kitabu cha marehemu. Alizikwa parokia ile ile, akiwa amepokea sakramenti. Huyo ndiye aliyesemwa miaka yote kuwa "akaondoka".

Kwa hiyo dada zangu, na kaka zangu pia, ukiambiwa kwamba bibi fulani alikimbia, alikuwa mkali, alikuwa mchawi, usilipokee kama ukweli wa ukoo. Nenda kasome. Anza na shangazi. Omba sanduku, bahasha, Biblia ya zamani, na zile karatasi za wasifu wa marehemu zinazosomwa kwenye misiba, ambazo huwa tunazifungia maandazi siku inayofuata. Karatasi hizo zitunzwe! Wasifu wa mzee aliyezikwa mwaka 1985 unaweza kuwa na jina la mama yake ambalo halipo mahali pengine popote.

Miaka nayo usiulize kwa namba. Uliza kwa matukio: alikuwa ameshazaliwa Mangi Meli, mtawala wa Moshi, aliponyongwa na Wajerumani, Machi 1900? Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 alikuwa msichana au mama? Homa ya mafua ya 1918 ilimkuta wapi? Shangazi yangu hakujua mama yule alizaliwa lini, lakini alijua kwamba Waingereza walipoingia Moshi, mwaka 1916, alikuwa mjamzito, babu akiwa tumboni. Hilo lilinipunguzia kurasa nyingi sana.

Wewe wa Old Moshi, upande wako ni wa Kilutheri. Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilianza Kilimanjaro mwaka 1893, ikafika Nkoaranga kule Meru mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Anza na usharika wa Kidia, huko huko Old Moshi. Jiandae kukutana na Kijerumani cha mwandiko wa zamani, ambao hata Mjerumani wa leo anausoma kwa shida, na ujue kwamba wamisionari wa Kijerumani waliondolewa mwaka 1920 wakarudi katikati ya muongo huo, hivyo mkono unaoandika unaweza kubadilika katikati ya kitabu. Nyaraka za Leipzig zenyewe zimetunzwa Halle, Ujerumani, kwenye taasisi iitwayo Franckesche Stiftungen. Picha nyingi za wamisionari hao zimewekwa wazi kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Southern California, na wanawake wa Kilimanjaro wamo, wamesimama na watoto wao mgongoni. Mara nyingi majina hayapo. Zichapishe hata hivyo, mpelekee shangazi. Vijana wana macho lakini yeye ndiye anayezijua sura.

Na uende kwa subira. Kuna ofisi utarudishwa, mimi nilirudishwa, nikaambiwa makaratasi ya kale hayana faida kwa mtu wa leo. Rudi tena, na shangazi ukiweza. Mama wa miaka themanini akikaa kwenye benchi na kusema amekuja kumwona bibi yake, sijaona karani wa kumfukuza.

Mimi sasa ninashughulika na Kirua. Kupitia jina la baba yake nimepata ukoo wake, na mzee wao mmoja alipoitaja nyumba yetu kwenye simu alijua mara moja ninamzungumzia nani, akasema kwao hawakuacha kumtaja kwenye sala. Wametuita twende baada ya mavuno ya kahawa. Shangazi ameshaanza kuulizia nani atapika mbege, na baba mdogo, yule yule aliyezoea kusema kwamba bibi "akaondoka", ameomba apewe nafasi kwenye gari.